Ferah

Nililisikia kwanza dukani kwa Nurhayat,
fundi wa mashati, kilima cha Mercan, Istanbul.
Pini mdomoni, utepe kwapani mwangu:
"Hapa pawe ferah," alisema.
Sikio langu likadaka furaha,
nikacheka. Furaha ya kwapani ni ipi?

Akatema pini, akanifundisha.
Chumba chenye madirisha pande mbili ni ferah.
Kiatu kisichobana kidole gumba.
Na deni likilipwa,
au homa ya mtoto ikishuka alfajiri,
mtu hushika kifua akasema kwamba ndani sasa ni ferah,
kana kwamba kuna waliokuja usiku
wakahamisha makabati.

Ukilitamka mara mbili, ferah ferah,
maana yake vitu vimeenea na nafasi imebaki:
wageni sita kwenye kochi moja,
mashati thelathini ndani ya boksi.

Ni ndugu yake furaha, sikatai,
ila walilelewa nyumba mbalimbali.
Furaha hupiga vigelegele.
Huyu huvua viatu, hunyoosha miguu,
hanyanyui hata kikombe.

Baba yake Nurhayat alikuwa hamali.
Huku hutamka hamal;
ile irabu ya mwisho wameitua njiani,
mzigo pekee ambao mzee Bünyamin hakuubeba.
Miaka arobaini na mmoja alipanda kutoka Tahtakale
na marobota ya vitambaa, majiko, kreti za vioo,
na siku moja, yeye na binamu yake,
piano ya daktari wa meno.
Mgongoni tandiko la ngozi lililojazwa majani makavu,
tandiko kama la punda,
na punda alimtaja mwenyewe kabla hujamtaja wewe.

Goti likakataa.
Akalitundika tandiko, halafu akalitundua,
akaliweka chini ya ngazi.
Majirani wakaja na halua wakimwambia
moyo wako sasa uwe ferah, Bünyamin.
Akawashukuru. Neno lenyewe hakulirudisha.

Asubuhi ya kwanza alikwenda kununua mkate, mikono mitupu.
Akainama mbele kama alivyozoea kuinama,
na kwa kuwa nyuma hapakuwa na kitu cha kumvuta
akaanguka kifudifudi mbele ya duka la mwokaji.
Nurhayat alicheka mpaka akalia,
kisha akalia bila kucheka.

Tangu siku hiyo alitembea na mfuko wa viazi mgongoni,
kilo nne, si vya kupika.
Vya kusimamia.

Nami, kwa ujinga wa mwanafunzi mwenye neno jipya,
nilimuuliza: Mzee, si uko ferah sasa?
Akaniangalia kama muuzaji anavyomwangalia
mtu anayeuliza bei hali hana pochi.
"Hilo ni neno la vyumba," alisema.
"Mimi si chumba."

Nililiandika jibu hilo daftarini
na kwa miezi kadhaa nikadhani
ndiyo maana ya mwisho.

Mwezi Machi, theluji ikiwa maji machafu mitaroni,
paka wa mtaa, wa rangi ya chai,
alipasua mshono wa tandiko pale chini ya ngazi,
akaingia, akazaa.
Nurhayat alitaka kumfukuza kwa ufagio.
Mzee akamzuia. Akalala kwa tumbo sakafuni,
goti bovu likilia kama bawaba,
shavu kwenye vigae,
akachungulia ndani ya kile alichokibeba
na kilichombebesha.

Alikaa hivyo hadi chai ikapoa.
"Watano," alisema, "na mama yao."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayepima mzigo kwa macho:
"Ferah ferah."

Akainuka kwa kushika ngazi, akatoka kufuata maziwa.
Viazi vilibaki kibarazani.
Nilivipita kila siku nikienda kujaribu shati,
hadi vikachipua.